Sura ya 6: Funga Mzigo Kama Mlango Haupo

Hakuna sehemu ya pikapu inayosukumiwa kazi zisizo zake kama mlango wa nyuma. Asubuhi mnadani ni meza ya kuhesabia fedha. Saa nne ni benchi la mafundi wanaosubiri saruji. Mchana ni njia ya kupandishia pikipiki iliyoharibika, na jioni mwenye gari akiwa na sherehe, mbuzi anagawanywa hapo hapo juu ya gunia. Kazi zote hizo mlango huzimudu kwa namna fulani, maana gari limesimama. Shida huanza gari likiondoka, na sisi tukaupa mlango kazi ya ukuta: uzuie mapipa, magunia, mabomba, pengine na watoto wa jirani.

Ukuta wa mbele wa bodi, ule ulio nyuma ya kichwa cha gari, umekazwa usiende popote. Mlango wa nyuma umetengenezwa ufunguke kwa mkono mmoja, na kitu kinachofunguka kwa mkono mmoja hakikabidhiwi nusu tani. Sura hii nzima inazunguka kanuni moja ambayo madereva wazoefu wa mizigo huifuata hata kama hawajawahi kuitamka: funga mzigo kama mlango haupo, kisha funga mlango.

Kilichofichwa ndani ya mlango

Vuta kishikio cha katikati polepole na usikilize. Ndani ya bati kuna fimbo mbili nyembamba, moja inakwenda kulia na nyingine kushoto, na kila moja inavuta komeo lililong'ata pini iliyo ubavuni mwa bodi. Mlango mzima ukiwa juu, unashikwa na makomeo hayo mawili na bawaba mbili za chini.

Bodi iliyobeba kokoto miaka kumi kwenye barabara za vumbi haibaki na umbo lake. Hujipinda kidogo, mlango unakaa upande, na hapo ndipo ugonjwa unapoanza: ukiubamiza, komeo la kulia linang'ata vizuri, la kushoto linagusa tu. Kwa macho mlango umefungwa. Kwenye rasta za kwanza unaanza kucheza, kwenye tuta unaachia upande mmoja, na mzigo wote unaangukia upande uliobaki. Dawa yake ni ya sekunde chache. Baada ya kufunga, shika kona ya juu ya kulia, itikise. Shika ya kushoto, itikise. Upande unaocheza haujang'ata. Fundi anaweza kurefusha au kufupisha fimbo na kusogeza pini. Kufunga mlango kwa waya wa kuchomoa kwenye uzio ni kukiri kwamba unajua umeharibika na bado unasafiri nao.

Mlango ukiwa chini, kazi inahamia kwenye kebo mbili za pembeni, au minyororo na vyuma vya kukunja katika magari ya zamani. Mwaka 2004 kampuni ya General Motors ya Marekani ililazimika kuita karibu pikapu milioni 4 zirudi kwa matengenezo, kwa sababu kebo hizo zilikuwa zinaliwa na kutu mpaka zinakatika mtu akiwa ameketi au kusimama juu ya mlango. Kebo za awali zilikuwa za chuma cha kawaida kilichopakwa zinki. Zilizowekwa badala yake zilikuwa za chuma kisichoshika kutu. Kosa la kiwandani lilikuwa na tiba yake kiwandani, ila kutu haichagui kampuni. Pikapu inayobeba samaki kutoka soko la Feri, Dar es Salaam, au inayolala pembezoni mwa bahari Tanga, Mombasa au Unguja, inanyweshwa chumvi kila siku, na maji ya barafu ya samaki yanatokea hasa kwenye upenyo wa mlango wa nyuma. Angalia kebo kwenye ncha zake, pale inapoingia kwenye kishikizo. Ukiona doa la kahawia linavuja, au uzi mmoja wa chuma umesimama kama unywele, badilisha zote mbili. Ile nzima ilipita kwenye maji yale yale.

Mzigo unasukuma kiasi gani

Wataalamu wa usafirishaji wa Ulaya wana hesabu wanayoitumia kupanga kamba na mikanda, na inafaa dereva yeyote aiweke kichwani. Mzigo unapaswa kuzuiwa kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake kwa upande wa mbele, na asilimia 50 kwa upande wa nyuma na wa pembeni. Chukua mifuko 16 ya saruji, kilo 50 kila mmoja: jumla kilo 800. Ukipiga breki kwa nguvu, inasukuma kichwa cha gari kama kilo 640. Ukikunja kona kwa kasi, au ukiondoka kwa pupa kwenye mlima, hesabu kilo 400 zikienda pembeni au nyuma.

Msuguano wa sakafu unachukua sehemu ya kazi hiyo, na ndiyo maana saruji iliyolazwa vizuri kwenye bodi kavu inaweza kufika bila kusogea. Lakini mwaga mchanga kidogo sakafuni, au acha mvua ya usiku ikae kwenye bodi, msuguano unapungua nawe usijue. Breki zako zinasimamisha gari. Kilichopakiwa bila kufungwa kinaendelea na safari kwa mwendo uliokuwa nao, na gari likigonga kitu na kusimama papo hapo likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa, kinachogonga ukuta wa mbele kinagonga kama kilichodondoshwa kutoka ghorofa ya nane.

Upande wa nyuma ndio unaosahaulika. Fikiria pikapu iliyopakia matenga ya nyanya Ilula. Ikishuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, mzigo unaegemea mbele kila breki ikikanyagwa, na dereva anaona mambo ni shwari. Pikapu inayopanda mlima huo huo kuelekea Iringa na mapipa ya dizeli ina habari nyingine. Mwinuko unavuta mzigo nyuma, kila ukibadilisha gia unaongeza mtikisiko, na dizeli inayojaza pipa la lita 200 peke yake ina uzito wa karibu kilo 170, bila kuhesabu pipa lenyewe. Mapipa manne yakisogea sentimita chache kwa pamoja, makomeo mawili ya mlango ndiyo yanayoulizwa swali.

Kwa hiyo panga kuanzia mbele. Kitu kizito kiguse ukuta wa mbele, kisiache pengo, maana pengo ndilo linaloupa mzigo nafasi ya kupata mwendo. Vizito viwe chini, vyepesi juu. Kamba ifungwe kwenye kulabu au pete za bodi, kamwe isifungwe kwenye mlango wenyewe wala kishikio chake. Kwa pipa lililosimama, kamba moja ipite tumboni na nyingine juu, zote zivute kuelekea mbele. Kwa mabati, weka kipande cha mpira wa tairi kuukuu pale kamba inapokunjia ukingo. Bati linakata manila taratibu safari nzima na kumalizia kazi kwenye mteremko.

Ile mipira mirefu inayokatwa kwenye tyubu, rafiki wa kila bodaboda, ina mahali pake: inashika turubai, ndoo tupu, kreti la soda lililo tupu. Kwa mzigo mzito haifai, kwa sababu inavutika. Inauruhusu mzigo uondoke kwanza, kisha ndiyo ijaribu kuurudisha. Godoro nalo linadanganya kwa wepesi wake. Upepo ukiingia chini yake linakuwa bawa, na utingo aliyelikalia ili lisiruke anaondoka nalo.

Mwisho, simama baada ya kilomita chache. Mzigo ukitikiswa hujipanga upya, magunia hushuka, na kamba iliyokuwa inalia ukiipiga kwa kidole inakuwa imelegea. Madereva wa malori ya masafa marefu hufanya hivyo bila kuambiwa. Wenye pikapu huona safari yao ni fupi mno.

Nafasi ipo, springi hazipo

Bodi ya pikapu ya kebini moja ina urefu wa mita 2 na zaidi kidogo. Ukiijaza mchanga mpaka kwenye midomo, unapata karibu mita 1.4 za ujazo, na mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina tani 1.6 hivi. Hizo ni zaidi ya tani 2 kwenye gari ambalo, kama Hilux na ndugu zake wengi, limeundwa kwa tani 1 kwa makadirio. Mchanga wa mtoni uliolowa unaongeza. Na katika uzito huo unaoruhusiwa abiria nao wamo: dabo kebini yenye watu watano wa kilo 70 imeshatumia kilo 350 kabla mfuko wa kwanza haujapanda.

Mazungumzo ya dukani kwa kawaida huenda hivi:

"Kijana, ongeza mitano tu, si unaona nafasi ipo?"

"Nafasi ipo, mama yangu. Springi ndizo zimekwisha."

"Jana yule mwenzako alibeba yote."

"Nikubebee kwa safari mbili, mama. Ya pili nakupunguzia."

Kijana huyo anaelewa biashara. Gari lililolala nyuma linaelekeza taa zake machoni mwa wanaokuja, usukani wake unakuwa mwepesi mithili ya wa gari lililoinuliwa jeki, na matairi ya mbele, yanayofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki, yanakuwa yamekanyaga lami nusunusu.

Mlango ukiwa chini barabarani

Nondo zinauzwa kwa urefu wa mita 12. Dukani zinakunjwa katikati, zinakuwa mita 6, zinalazwa kwenye bodi na mlango unashushwa. Nondo moja ya milimita 12 ina kilo 10.7, ukichukua 20 una kilo 213, mzigo mdogo kabisa kwa pikapu. Tatizo ni mahali ulipo. Katikati ya nondo hizo ipo mita 3 kutoka ukuta wa mbele, wakati sakafu ya bodi imeisha kwenye mita 2.3. Uzito wote unaegemea mlango na hewa iliyo nyuma yake. Kwa Hilux yenye mita 3.085 kati ya ekseli mbili, kilo hizo 213 zinainua karibu kilo 130 kutoka matairi ya mbele, na ekseli ya nyuma inabeba kama kilo 340. Kila tuta linazipandisha na kuzirudisha kwa kishindo, na kishindo hicho kinapokewa na kebo mbili zile zile za pembeni zilizotajwa mwanzoni mwa sura.

Kama huna budi, mzigo mrefu na ulale kwenye fremu ya chuma inayopita juu ya kichwa cha gari, ili katikati yake irudi mbele ya ekseli ya nyuma. Ufungwe mahali pawili, mbele na nyuma, na mafungu yakazwe pamoja kwa waya ili nondo moja isichomoke kama mkuki. Nondo iliyofungwa nyuma peke yake, dereva akipiga breki, inaingia kwenye kioo cha nyuma cha kebini.

Mlango ulioshushwa pia unafunika namba ya gari iliyo kwenye bampa, na mzigo unaoning'inia unaziba taa za breki. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unataka mzigo uliochomoza zaidi ya mita moja mbele au nyuma uwekewe alama wakati wote, na usiku uwe na taa nyekundu na kiakisi mwanga nyuma. Kitambaa chekundu kinatosha saa sita mchana. Saa moja usiku kwenye barabara isiyo na taa, kitambaa hicho ni cheusi.

Wapo wanaoshusha mlango barabara kuu bila mzigo wowote, kwa imani kwamba upepo utapita na mafuta yatapungua. Majaribio ya magari kwenye mahandaki ya upepo hayawaungi mkono. Mlango ukiwa juu, hewa inayoshuka nyuma ya kichwa cha gari inanaswa ndani ya bodi na kuzunguka hapo, na upepo wa juu unateleza juu ya mzunguko huo. Ukiushusha, unauvunja. Mafuta unayodhani unayaokoa unayaongeza, au kwa uchache hubadilishi kitu.

Watu kwenye bodi

Hewa hiyo inayozunguka inatuleta kwenye jambo zito zaidi. Kizazi kilichoishi Dar es Salaam miaka ya 1980 kinakumbuka magari ya abiria yaliyoitwa chai maharage, abiria wakitazamana kwenye mabenchi, magoti yakigusana. Nairobi ya miaka hiyo ilikuwa na matatu za Peugeot 404, pikapu zilizojengewa kibanda nyuma. Usafiri wa mijini ulizaliwa kwenye bodi za mizigo kwa sababu mabasi hayakutosha, na vijijini hali hiyo haijaisha: harusi, msiba, mechi ya mpira, watu hupanda. Anayekaa kwenye ukingo wa mlango wa nyuma, miguu ikining'inia nje, hana mkanda, hana ukuta, na akirushwa na tuta anaangukia njia ya gari linalofuata.

Kufunika bodi kwa kanopi au turubai ili watu wasipate vumbi na mvua kunaleta hatari nyingine isiyoonekana. Mwaka 1992 jarida la tiba la JAMA lilichapisha taarifa ya madaktari wa Marekani kuhusu watoto 20 waliopata sumu ya kaboni monoksidi wakiwa nyuma ya pikapu. Kumi na saba walikuwa ndani ya kanopi, watatu chini ya turubai. Wengi wao walizimia, na mmoja alikufa. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Inatoka kwenye ekzosi, inavutwa na ule mzunguko wa hewa nyuma ya gari, na inaingia kwenye upenyo wa mlango wa nyuma, hasa ukiwa umeachwa wazi au haukazi vizuri. Watoto waliolala wakati wa safari ndefu wanaonekana wamechoka tu.

Jawabu la kweli ni kutopakia watu kwenye bodi, nalo kila mtu analijua. Pale ambapo gari jingine halipo na mgonjwa hawezi kusubiri, basi watu wakae sakafuni wakiegemea ukuta wa mbele, mbali na mlango, bila mzigo unaoweza kusogea, bila kifuniko, na dereva aendeshe kwa mwendo ambao mama mjamzito hatalalamika.

Sheli na dumu la petroli

Pikapu nyingi zimewekewa sakafu ya plastiki juu ya bati ili rangi isichubuke. Ni nzuri kwa rangi. Kwa dumu la petroli ni mtego. Mwaka 1998 NIOSH, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia usalama kazini, ilitoa onyo baada ya watu kuungua wakijaza madumu yaliyokuwa juu ya sakafu hizo. Mafuta yanapotiririka yanazalisha umeme tuli. Dumu likiwa chini kwenye sakafu ya kituo, umeme huo unaishia ardhini. Likiwa juu ya plastiki hauna pa kwenda, unakusanyika, kisha unaruka kama cheche kati ya dumu na mdomo wa bomba, mahali ambapo mvuke wa petroli ni mwingi.

Teremsha dumu, liweke chini, mdomo wa bomba uguse dumu muda wote wa kujaza. Mhudumu akikwambia anaweza kujaza lile lile lililo juu ya gari ili usihangaike, mshukuru na ulishushe.

Kupakia na kushusha

Mikono huumia zaidi gari likiwa limesimama. Ukifika mwisho wa safari, chukulia kwamba kuna kitu kimeegemea mlango. Simama pembeni, mkono mmoja uzuie mlango wakati mwingine unavuta kishikio, na uache ufunguke kidogo kwanza. Anayesimama katikati na kuuacha udondoke anapokea pipa kwa kifua.

Pikipiki ya bodaboda ina zaidi ya kilo 100. Ikisukumwa na mtu mmoja, karibu kilo 190 zinapita kwenye ukingo wa mlango, na zinapita kwa kishindo. Ubao wa mita 2 ukiegeshwa kwenye mlango ulio sentimita 80 kutoka chini unakuwa na mwinuko wa nyuzi 24. Wa mita 3 unashuka hadi nyuzi 15 hivi. Tafuta ubao mrefu. Ufunge kwenye gari, kwa sababu tairi la nyuma la pikipiki linausukuma ubao utoke huku linapanda. Vuta hendibreki, weka jiwe nyuma ya tairi, na usipandishe pikipiki ukiwa umeikalia na moto umewashwa. Kama mlango wenyewe una shaka, egesha gari bondeni, ukingo wa barabara uwe juu, na utumie tuta la udongo badala ya mlango.

Wapakiaji wanaoruka kutoka bodi hadi chini wavue pete. Pete ikinasa kwenye ukingo wa mlango au kwenye komeo wakati mwili unashuka, uzito wote unabaki kwenye kidole kimoja, na kidole hakiushindi uzito huo. Ni ajali inayojulikana kwa madaktari wa mikono duniani kote. Shuka kwa kugeuka uso ukiangalia bodi, mikono miwili ikiwa imeshika, mguu mmoja mmoja.

Nani mwenye mzigo

Mteja anataka vifike vyote kwa safari moja. Tajiri mwenye gari anataka hesabu ya jioni. Utingo anataka kumaliza mapema. Kila mmoja ana sababu ya kusema inatosha hivyo hivyo, na wote watakuwa wamebaki nyuma wakati kamba inakatika. Dereva ndiye aliyeko ndani, na sheria na trafiki watamwangalia yeye, kwa hiyo neno la mwisho kabla ya kuwasha gari ni lake: azunguke, atikise kona mbili za mlango, avute kila kamba, na akiona haijakaa sawa aseme hapana hata kama mteja ni shemeji.

Kuna mtu mmoja hakuwapo dukani wakati wa kupanga bei wala kupakia. Ni yule mwenye pikipiki atakayekuja nyuma ya gari hilo mita 20 hivi, amempakia mke na mtoto. Yeye hakukubaliana nauli na mtu, na mlango wa nyuma ukiachia, wa kwanza kuulipia ni yeye.